Jaji wa Mbwa Huandika Sababu Zake. Jaji Wetu Je?

Mwambie msee wa Kitui kwamba kuna mashindano ambapo mbwa anaoshwa kwa shampuu, anachanwa nywele, anatembezwa kwenye zulia kisha anapewa kombe. Atakuuliza umekunywa kaluvu ya nani. Huku kwetu ngiti ni askari wa boma. Analala nje, anakula kilichobaki, na anahukumiwa kwa kitu kimoja tu: usiku alibweka au hakubweka? Akimkosa fisi, amefeli mtihani.

Hata serikali inapomhesabu mbwa wa huku haimhesabu kwa urembo. Kenya ilipoanza mpango wake wa mwaka wa 2014 wa kumaliza kichaa cha mbwa kufikia 2030, Kitui na Makueni zilikuwa kati ya kaunti za majaribio, pamoja na Machakos, Siaya na Kisumu. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hapo swali ni kama amechanjwa. Mkia wake umekaaje hakuna anayeuliza.

Sasa kwa nini nikusumbue na mambo ya majaji wa maonyesho ya mbwa? Kwa sababu nimekuwa nikisoma sheria zao, na naona wale watu wamefikiria sana kuhusu jambo linalotuumiza vijana wa Kenya kila mwaka. Ni hivi: mtu mmoja anapokaa mbele yako na kalamu, akiwa na uwezo wa kusema wewe ndiye bora au wewe rudi nyumbani, nani anamchunga huyo mtu?

Fikiria ni mara ngapi umesimama mbele ya jaji. Tamasha la drama, tamasha la muziki, shindano la kuimba, urembo, mchezo wa kuigiza, wazo la biashara, hata ndume wa mzee wako kwenye maonyesho ya kilimo. Kizazi chetu kimeambiwa kazi za ofisi zimeisha, tutafute talanta. Sawa. Lakini talanta ina mlango, na mlangoni kuna jaji. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia usitarajie hapa. Nitakueleza tu jinsi mambo yanavyofanya kazi.

Mbwa anahukumiwa vipi

Wengi hudhani jaji wa mbwa huwapanga mbwa, akaangalia, akachagua anayempendeza. Sivyo, ama angalau haifai kuwa hivyo. Kila aina ya mbwa ina maandishi yanayoitwa kigezo cha aina hiyo: urefu, umbo la kichwa, meno, mgongo, miguu, rangi, mwendo, hata tabia. Kazi ya jaji ni kumlinganisha kila mbwa na maandishi hayo. Kwa hivyo German Shepherd anapimwa na karatasi ya German Shepherd, na anayekaribia zaidi karatasi yake ndiye anayepita. Ndiyo maana kwenye raundi ya mwisho mbwa mdogo wa kubebwa mkononi anaweza kumshinda mbwa mkubwa kama ndama. Swali ni nani amekaribia kigezo chake mwenyewe.

Mashirika makubwa ya mbwa ni ya zamani. Kennel Club ya Uingereza ilianzishwa 1873. Crufts, maonyesho maarufu kuliko yote, yalianza 1891. Kule Marekani, maonyesho ya Westminster yalianza 1877. Shirika la kimataifa la FCI lilianza 1911. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja ya watu kugombana kuhusu kombe la mbwa, na ugomvi huo ndio uliozaa sheria. Hakuna sheria iliyoandikwa kwa sababu watu walikuwa wema. Kila moja ina mtu aliyechezwa nyuma yake.

Angalia baadhi. Mbwa huingia uwanjani kwa namba. Anayemshika anavaa namba kwenye mkono, na jaji hatakiwi kusoma orodha ya majina kabla hajamaliza kazi, ili asijue rasmi kwamba namba 14 ni ya mtu fulani mwenye jina kubwa. Jaji hatakiwi kumhukumu mbwa aliyekuwa wake, aliyemuuza, ama aliyemfundisha hivi karibuni. American Kennel Club imeweka muda wa mwaka mmoja kwa mambo hayo. Jaji hatakiwi kupiga stori na washindani kabla ya kuhukumu, kusafiri nao, kulala kwao wala kula kwao. Mambo madogo, eeh? Lakini wewe mwenyewe unajua ugali wa mtu ukiingia tumboni, ulimi unakuwa mzito kusema mbwa wake ana meno mabaya.

Halafu kuna ile ninayoipenda zaidi. Kwenye mifumo mingi ya Ulaya, jaji huandika. Kwenye FCI mbwa hupewa daraja pamoja na maelezo: huyu ni bora sana, huyu ni mzuri sana, huyu ni mzuri, na kwa nini. Uingereza majaji huandika maoni kuhusu washindi, na yanachapishwa watu wote wayasome. Ukimpa kombe mbwa mwenye mgongo mbaya, itabidi uandike kuhusu huo mgongo, na watu waliokuwa uwanjani wataulinganisha na walichokiona kwa macho yao. Uongo unakuwa kazi ngumu.

Hapa Kenya pia yapo. East Africa Kennel Club, yenye makao Nairobi, husajili mbwa wenye vyeti vya ukoo na kuandaa maonyesho, na huwa inaalika majaji kutoka nchi za nje. Kuna watu huona hiyo ni ukoloni. Mimi naona ina hesabu yake. Dunia ya mbwa wa vyeti Kenya ni ndogo. Karibu kila mtu amemuuzia mwenzake mbwa, ama amenunua kwake, ama wamegombana. Ukitafuta jaji ndani ya duara hilo, utapata mtu mwenye rafiki uwanjani au adui uwanjani. Wa kutoka mbali angalau hajui nani ni nani.

Na usidhani ni mchezo wa matajiri pekee. Siku hizi kuna vijana wengi wa mijini wanaofuga na kuuza watoto wa mbwa, kuanzia Syokimau hadi Machakos. Mbwa jike akiwa na taji, bei ya watoto wake inapanda. Kwa hivyo kalamu ya jaji ni pesa. Na palipo na pesa, kuna mtu atataka kuishika hiyo kalamu.

Sheria zipo na bado watu huchezwa

Nisikudanganye kwamba watu wa mbwa ni malaika. Malalamiko yao makubwa, ukisoma popote, ni kwamba kuna majaji ambao badala ya kumwangalia mbwa hufuata kamba mpaka juu, kwa mtu aliyeishika. Akiwa ni maarufu, ama naye ni jaji mahali pengine, basi mbwa wake anapendeza ghafla. Leo mimi nakuhukumu, kesho wewe unanihukumu, tunajuana. Wahenga walishasema kesi ya nyani usimpelekee ngedere.

Lakini skendo iliyowatikisa zaidi haikuwa ya hongo. Mwaka wa 2008 BBC ilionyesha filamu iliyoitwa Pedigree Dogs Exposed, iliyoonyesha kwamba baadhi ya mbwa wa maonyesho wana magonjwa yanayotokana na jinsi wanavyozalishwa. Wengine hawapumui vizuri kwa sababu pua imefupishwa sana, wengine wana maumivu ya mgongo na kichwa. Kelele zilikuwa kubwa hadi BBC ikaacha kuonyesha Crufts.

Mwaka wa 2012 Crufts wakaleta utaratibu mpya. Kwa aina 15 za mbwa zilizokuwa na wasiwasi wa kiafya, mshindi wa aina yake alipaswa kupitia kwa daktari wa mifugo asiyehusika kabla hajathibitishwa. Matokeo? Sita kati ya hao 15 walianguka. Bulldog alianguka, Pekingese alianguka, Basset Hound pia. Mbwa ambaye jaji alishasema ni bora kuliko wenzake, daktari anasema huyu hata afya hana.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Si lazima majaji wale walikuwa wamekula kitu kidogo. Inawezekana walifuata kigezo vizuri kabisa, bila upendeleo. Tatizo lilikuwa kwenye kigezo chenyewe, na kwa mazoea ya miaka mingi ya kukisoma vibaya. Pua fupi ikawa inasifiwa, basi kila mwaka ikafupishwa zaidi, na kila jaji akawa anathibitisha alichothibitisha mwenzake. Hata miaka minne baadaye, mwaka wa 2016, German Shepherd mmoja alishinda kwa aina yake Crufts na watu walioona video wakashtuka, mgongo umeteremka na miguu ya nyuma inayumba.

Kwa hivyo kuna haki za aina mbili, na vijana tunazichanganya. Ya kwanza ni haki ya mchakato: jaji hana ndugu uwanjani, hakula kwa mtu, ametumia kigezo kimoja kwa wote. Ya pili ni haki ya kigezo: kile kinachopimwa kinastahili kupimwa? Unaweza kuwa na ya kwanza na ukakosa ya pili. Jaji msafi akishika karatasi mbovu, anatoa matokeo mabovu kwa njia safi sana.

Kuficha jaji hakusaidii

Kabla turudi nyumbani, tupitie barafuni kidogo. Kwenye Olimpiki ya msimu wa baridi ya 2002 kule Salt Lake City, jaji Mfaransa wa mashindano ya kuteleza kwa jozi alisema alishinikizwa ampigie kura upande fulani. Warusi walikuwa wamepewa dhahabu. Baada ya kelele za dunia nzima, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakapewa dhahabu ya pili. Chama cha mchezo huo kikabadilisha mfumo wote wa alama.

Lakini kilifanya kosa lingine: kikaficha alama za majaji, ili watu wasijue jaji gani alitoa alama gani. Wazo lilikuwa kwamba jaji asiyejulikana hawezi kushinikizwa. Kwenye karatasi ni wazo fiti. Kiuhalisia, jaji asiyejulikana pia hawezi kuulizwa. Mwaka wa 2016 wakaondoa huo usiri. Miaka na miaka ya kujifunza kwamba unaficha jina la mshindani, si la jaji. Mbwa anabaki na namba. Jaji anabaki na jina lake.

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Mshindani anatangazwa kwa mbwembwe, shule yake, babake, mfadhili wake. Majaji wanatambulishwa haraka haraka kama "majaji wetu wa leo", alama hazionekani, na saa mbili usiku mtu anasoma majina matatu kwenye karatasi. Ukiuliza, unaambiwa uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Sawa, uwe wa mwisho. Lakini uamuzi wa mwisho si sawa na uamuzi usio na sababu.

Broka wa mbuzi na mgongano wa maslahi

Neno mgongano wa maslahi likisemwa kwenye habari linasikika kama kitu cha Nairobi. Nikupeleke soko la mbuzi, Mwingi ama Mutomo, utalielewa kwa dakika tano.

Umetoka na Galla wako asubuhi, dume safi, mwili upo. Broka anakuja. Anamshika kiuno, anamfungua mdomo anaangalia meno, anainua mkia, anatikisa kichwa. Huyu amekonda. Huyu ni mzee. Huyu ngozi yake si nzuri. Wakati huo anafanya kazi mbili: anamhukumu mbuzi wako na anamnunua. Kila kasoro anayoitaja inamwongezea faida. Inawezekana anajua mbuzi kuliko mtu yeyote sokoni. Ujuzi wake hauna shida. Shida ni kwamba ujuzi huo unafanyia kazi mfuko wake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mizani ikiwepo sokoni, mchezo unabadilika kidogo. Mbuzi anapanda, kilo zinasoma, na broka hawezi kubishana na namba. Haimalizi ujanja wote, lakini inampunguzia nafasi. Kigezo kilichoandikwa kwa mbwa ni kama hiyo mizani. Karatasi ya alama kwenye tamasha ni kama hiyo mizani. Haimfanyi jaji kuwa mwema. Inafanya uovu wake uonekane.

Sasa jiulize kuhusu mashindano unayoyajua. Jaji ni mwalimu wa muziki ambaye pia hufunza shule mbili za mtaa huo kwa malipo? Jaji wa urembo ndiye mwenye kampuni inayosimamia mshindi baadaye? Prodyusa ndiye jaji na ndiye mwenye studio ambapo mshindi atarekodi? Si lazima wawe wabaya. Lakini wamesimama pale broka anaposimama.

Na kuna mtindo wa kura za kulipia: kila kura shilingi kadhaa, tuma kwa simu. Huo nao tuuseme wazi. Pale hakuna jaji, kuna mnada. Mwenye ukoo mkubwa wenye doo anashinda. Si dhambi kufanya mnada, bora uuite mnada. Ukiita talanta, umemdanganya yule msichana wa Zombe aliyekuja na sauti tu.

Mlango kabla ya jaji

Mfano mkubwa wa Kenya hauko Kitui, uko Butere, lakini kila mtoto wa shule ya huku aliusikia.

Mwaka wa 2013, Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo ulioitwa Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala. Ulizungumzia ukabila na mgao wa rasilimali. Ulipigwa marufuku kabla ya tamasha la kitaifa la drama. Okiya Omtatah akaenda kortini, na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hayo.

Miaka 12 baadaye, shule ileile, mwandishi yuleyule, mchezo mwingine: Echoes of War. Ukazuiwa. Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kushiriki fainali ya kitaifa Nakuru. Usiku wa kuamkia onyesho, Malala akakamatwa. Asubuhi ya Aprili 10, 2025, watu waliofika kutazama walikuta polisi na vitoa machozi. Wasichana waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.

Upande wa serikali ulikuwa na hoja yake: Waziri wa Elimu Julius Ogamba alihoji mwanasiasa anatafuta nini kwenye mchezo wa wanafunzi. Ni swali halali. Kama kuna sheria kwamba mtu asiye mwalimu hawezi kuelekeza mchezo wa shule, isomwe kabla ya mashindano, isomwe kwa shule zote, na atakayeivunja aambiwe kwa maandishi. Kuna njia ya kufanya hivyo. Kitoa machozi si karatasi ya alama.

Lakini tazama kitu cha muhimu. Kwenye kesi hii, tatizo halikuwa jaji aliyeketi na kalamu. Kwa kweli tamasha zetu zina mila nzuri: jaji husimama mbele ya washindani na kutoa maoni, kipi kilifanya kazi na kipi hakikufanya. Yeyote aliyepita tamasha la muziki anakumbuka zile dakika, moyo unadunda, jaji anazunguka zunguka kabla ya kutaja alama. Hiyo ndiyo mila ya kutoa sababu ninayoisifu kwa watu wa mbwa. Tunayo.

Tatizo lilikuwa mlangoni. Mtu ambaye si jaji aliamua nani ahukumiwe na nani asihukumiwe. Hapo hata ukiwa na majaji wasafi kama maji ya kisima kipya, wamehukumu wale tu walioruhusiwa kufika. Mfikirie yule daktari wa mifugo wa Crufts 2012. Yeye pia alikuwa mlango, na wenye mbwa walioanguka walilalamika sana. Lakini aina 15 zilitangazwa mapema, daktari hakuwa na mbwa uwanjani, na sababu ilikuwa afya ya mbwa yenyewe. Mlango wenye kanuni iliyotangazwa ni sheria. Mlango unaofungwa kwa simu kutoka juu ni kitu kingine.

"Lakini sanaa ni ladha tu"

Kuna mtu ataniambia, buda, umekwama. Mbwa wana urefu na meno vya kupima. Wimbo unapimwa na nini? Na kila anayeshindwa husema ameibiwa.

La pili nakubali. Tunapenda kulia. Kuna mbogi zinazofika mashindanoni bila mazoezi, zikianguka zinasema jaji ni wa ukoo wa washindi. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka sababu ziandikwe. Zinamlinda jaji mwaminifu. Jaji aliyeandika kwamba sauti ya pili ilipotea ubeti wa tatu ana kitu cha kumwonyesha mzazi mwenye hasira. Asiyeandika ana kiburi chake peke yake.

La kwanza, hapana. Mbwa nao ni ladha. Hakuna rula inayopima "mwendo wa kupendeza" wala "uso wa upole". Majaji wawili wenye ujuzi wanaweza kutofautiana kuhusu mbwa mmoja, na hutofautiana. Hakuna anayedai wakubaliane. Kinachodaiwa ni kwamba kila mmoja aonyeshe alipitia njia gani kufika alipofika. Mzee wa nzama aliyekaa chini ya mti kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba hakuwa na mashine ya kupima ukweli. Uzito wa neno lake ulitokana na kwamba kesi ilisikilizwa mbele za watu, na watu walijua yeye ni nani.

Unaweza kudai nini

Wengi hatujui kwamba sehemu ya mambo haya tayari ni sheria Kenya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na inataja wazi ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi zinazotoa maamuzi, na kama uamuzi unaumiza haki yako, upewe sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya kutekeleza hilo mwaka wa 2015. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ikaja 2016.

Maana yake ni hii. Kama shindano limeandaliwa na serikali ya kaunti ama wizara, kwa pesa ya umma, kuuliza vigezo vilikuwa nini si utovu wa nidhamu. Unaandika barua, ama barua pepe, kwa heshima, unataja shindano, tarehe na unachotaka kujua. Weka nakala. Shindano la mtu binafsi ni tofauti, hapo nguvu yako iko kabla ya kulipa ada ya kuingia.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza. Majaji ni akina nani, na majina yatatangazwa lini? Alama zinagawanywa vipi, na je, karatasi ya vigezo naweza kuipata leo, si siku yenyewe? Jaji mwenye mshindani anayehusiana naye ataondoka kwenye kiti kwa raundi hiyo? Nikianguka, nitapewa maoni yaliyoandikwa? Malalamiko yanapelekwa kwa nani ambaye si jaji yuleyule, na ndani ya siku ngapi? Mwandalizi mzuri atakujibu bila kukasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako, na ada yako bado iko mfukoni.

Na kama wewe ndiye umeitwa kuwa jaji, maana vijana wengi sasa tunaitwa kwenye mashindano ya mtaa, jiondoe mapema ukiona binamu yako kwenye orodha. Usingoje mtu aseme. Usipokee lifti ya mshindani kutoka Kwa Vonza hadi mjini, hata kama jua ni kali. Andika. Hata sentensi mbili kwa kila mshindani.

Kitui ilipokea taifa zima Oktoba 20, 2025, Mashujaa ilipofanyika uwanja wa Ithookwe. Watu waliona kwamba tunaweza kuandaa jambo kubwa. Uwanja upo. Talanta ipo, kuanzia Kyuso hadi Ikutha, na ukivuka kuelekea Wote na Kibwezi utaikuta pia. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi moja yenye vigezo, iliyobandikwa ukutani siku saba kabla, na majina ya majaji chini yake. Gharama yake ni shilingi kumi ya kuprinti.

Mbwa hawezi kukata rufaa. Akishindwa anatikisa mkia, anarudi kwenye gari, amesahau. Watu walimwandikia sheria kwa sababu yeye hawezi kuuliza. Sisi tunaweza kuuliza, kwa hivyo tuulize.